Unga wa Kutia Katika Chakula cha Samaki: Wafaa Nini, na Haufai Nini?



Jumamosi moja asubuhi shemeji yangu alifika nyumbani kwangu mtaa wa Jericho, hapa Nairobi, akitoka Mwea kwa matatu ya kwanza. Hakuketi. Aliweka juu ya meza kopo la unga mweupe akasema, "Shemeji, nisomee hii. Nimelipa shilingi elfu tatu, na samaki bado wanakufa."

Maandishi ya kopo lile yalikuwa ya kigeni, nami niliyaelewa maneno machache tu. Lakini lililoniuma halikuwa hilo. Wiki tatu kabla ya siku hiyo mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia kwa simu aende dukani akaulize unga wa kuimarisha tumbo la samaki. Nilikuwa nimesoma karatasi moja ofisini, nikaona ni habari njema, nikaipitisha kama ilivyokuja. Hilo ndilo kosa la karani: kunakili kabla ya kuelewa. Samaki 260 walikuwa wamekwisha kufa katika kidimbwi chake cha samaki 900, na fedha za samaki hao zilikuwa karo ya binti yake ya muhula wa pili.

Kwa hiyo nimeona yafaa nieleze jambo hili polepole, kama nilivyofundishwa katika chuo cha ualimu: kwanza kitu chenyewe, kisha kazi yake, na mwisho mipaka yake.

KWA NINI JAMBO HILI LATUHUSU SOTE

Ufugaji wa samaki si jambo geni katika nchi yetu. Kituo cha Sagana kilianzishwa mwaka 1948, na mwaka huo huo kile cha Kiganjo kikaanza kulea samaki wa maji baridi, yaani trauti. Mwaka 2009 Serikali ilianzisha mpango mkubwa wa kuchimba vidimbwi, 200 katika kila moja ya sehemu 140 za uchaguzi, kila kimoja cha mita 300 za eneo. Wengi wenu katika mashamba ya makazi mlichimba vyenu wakati huo au baadaye.

Samaki hao huja kwetu. Pita Gikomba asubuhi utawaona akina mama wa Kaloleni, Makongeni na Bahati wakichagua ngege na kambare, wakiinua shavu la samaki kutazama kama bado ni jekundu. Jioni samaki yule yule hukaangwa kando ya njia, na mtoto wa shule hununua kipande. Basi kile unachokitia katika chakula cha samaki wako chaweza kufika katika sahani ya mtoto huyo. Kumbuka neno hili, maana tutalirudia.

UTUMBO WA SAMAKI NI MLANGO

Ukimpasua ngege, utaona utumbo mwembamba uliojiviringa kama kamba. Ukiunyoosha, utaona ni mrefu mara kadhaa kuliko samaki mwenyewe, kwa sababu ngege ni mlaji wa majani madogo ya majini, na chakula cha majani hutaka muda kumeng'enywa. Utumbo wa kambare ni mfupi zaidi, kwa kuwa yeye hula pia nyama na wadudu.

Utumbo huo una kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kuchukua chakula na kukipeleka katika damu. Kazi ya pili ni kuzuia adui asipite. Samaki hukaa ndani ya maji, na maji ya kidimbwi yamejaa vijidudu visivyoonekana kwa macho. Kila anapokula, huvimeza. Kwa hiyo ukuta wa utumbo wake ni kama mlango wa duka: wateja lazima waingie, na wezi lazima wabaki nje.

Mlango huo una walinzi watatu. Wa kwanza ni ute unaoteleza, ambao hunasa vijidudu na kuvitoa pamoja na mavi. Wa pili ni chembe za kinga zilizotawanyika katika ukuta wa utumbo. Samaki hana uboto ndani ya mifupa wa kutengeneza chembe hizo kama sisi. Nyingi hutoka katika sehemu ya mbele ya figo lake, karibu na kichwa. Mlinzi wa tatu ni wale vijidudu wema wanaoishi humo humo ndani. Hao hukalia nafasi, hula chakula ambacho adui angekula, na hutoa asidi ambazo adui hazipendi. Baadhi ya asidi hizo huwa chakula cha ukuta wenyewe wa utumbo.

Walinzi hawa wakiwa na nguvu, samaki aweza kuishi pamoja na vijidudu vya ugonjwa bila kuugua. Kuna kijidudu kiitwacho Aeromonas, ambacho hukaa katika maji ya vidimbwi vingi siku zote. Samaki mwenye afya humeza na kumtoa. Lakini samaki akikosa hewa, akishikwa vibaya wakati wa kuhamishwa, au akila chakula kibovu, walinzi hulegea na Aeromonas hupita. Ndipo unapoona vidonda vyekundu, tumbo kuvimba, na magamba kusimama.

AINA ZA NYONGEZA

Sasa tuje katika unga wenyewe. Wauzaji huuita kwa majina mengi, lakini karibu wote huingia katika mafungu haya:

Fungu la kwanza ni vijidudu wema walio hai, viitwavyo probiotiki. Nia yake ni kuongeza mlinzi wa tatu. Huko Japani, mwaka 1986, mtaalamu aitwaye Kozasa alitoa habari za kuwalisha samaki vijidudu vya jamii ya Bacillus, na tangu hapo majaribio mengi yamefanywa kwa ngege, kambare na samaki wengine. Mara nyingi samaki hukua vizuri zaidi kidogo, au hufa wachache zaidi wanapoambukizwa, lakini si kila mara. Bacillus hujifunga katika ganda gumu kama mbegu, kwa hiyo huvumilia ukavu na joto kuliko wengine. Wale wa jamii ya vijidudu vya maziwa lala hufa upesi wakipata moto.

Fungu la pili ni chakula cha vijidudu wema, kiitwacho prebiotiki. Jina hili lilitolewa na wataalamu Gibson na Roberfroid mwaka 1995. Ni sukari za namna ambayo tumbo lenyewe haliwezi kuzivunja, lakini vijidudu wema huzila. Nyingine hutoka katika mizizi ya mimea, na nyingine katika ganda la hamira.

Fungu la tatu ni viamsha kinga. Mashuhuri zaidi ni kile kitolewacho katika ganda la hamira, kiitwacho beta-glukani. Chembe za kinga za samaki hukiona kama alama ya adui, zikaamka na kujiweka tayari. Hutolewa kwa majuma machache kabla ya shida inayojulikana, kama vile kuhamisha vifaranga au majira ya baridi. Hakitolewi siku zote, maana mlinzi anayepigiwa kengele kila saa mwishowe haamki.

Fungu la nne ni asidi za kutia katika chakula. Hizi huzuia ukungu usiote katika chakula, na pia huwabana vijidudu wabaya tumboni.

Fungu la tano ni mimea, kama kitunguu saumu na tangawizi. Majaribio mengi yameonyesha faida, lakini kipimo hutofautiana sana, na kikizidi samaki huacha kula.

Fungu la sita ni vitamini na madini. Hapa sina mashaka. Samaki wetu hawawezi kujitengenezea vitamini C kama afanyavyo ng'ombe au mbuzi. Wakiikosa, mgongo hupinda, vidonda havifungi, na kinga hudhoofika. Katika kidimbwi chenye maji ya kijani samaki hupata kiasi katika vijimea vya majini, lakini wakiwa wengi, au wakiwa katika tangi la maji safi, hutegemea chakula chako. Vitamini hii huharibiwa na joto na kukaa siku nyingi, kwa hiyo chakula cha zamani chaweza kuwa nayo kwenye lebo tu.

KOSA LA KOPO LILE

Nilimwuliza shemeji, "Unga huu uliutiaje?" Akajibu, "Nilipika uji wa pumba, nikautia ukiwa unachemka ili uchanganyike vizuri." Kopo lenyewe alikuwa ameliweka juu ya dirisha lipigwalo na jua.

Baadaye ofisini nilisaidiwa kuyasoma yale maandishi. Yalikuwa ni vijidudu vya jamii ya maziwa lala vilivyokaushwa. Basi alikuwa amenunua askari wa shilingi elfu tatu, akawachemsha katika sufuria. Wala hakukuwa na mtu wa kumwambia, kwa kuwa mimi niliyempa shauri sikujua.

Lakini hata kama wangekuwa hai, wasingewaokoa samaki wale. Jumapili tulikwenda Mwea, na Jumatatu alfajiri tukasimama ukingoni pamoja na Bwana Samaki wa sehemu ile. Samaki walikuwa juu ya maji, midomo wazi, wakitafuta hewa. Bwana Samaki alizamisha mkono wake. Kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, kiganja kilikuwa kimepotea katika ukijani.

Maelezo yake ni haya. Vijimea vya kijani hutoa hewa safi mchana kwa nguvu ya jua, lakini usiku vyenyewe huvuta hewa ile ile pamoja na samaki. Vikizidi, kabla ya mapambazuko hewa huwa imekwisha. Shemeji alikuwa akitia mbolea ya kuku kila siku, tena alikuwa akilisha kwa kukisia, na mabaki yalikuwa yakioza chini. Samaki walikuwa wakikosa pumzi kila usiku, na kila mchana walikuwa dhaifu zaidi.

Kisha tukaingia ghalani. Pumba za mahindi zilikuwa na unyevu, na magunia ya chini yalikuwa na ukungu wa kijani.

UKUNGU NI SUMU

Ukungu wa aina hiyo hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa chakula chenye sumu hii, na ndivyo wataalamu walivyoigundua. Hapa kwetu, mwaka 2004, watu 125 walikufa katika sehemu za Makueni, Kitui na jirani zake kwa kula mahindi yaliyoharibika. Samaki hawaponi. Sumu hii hupiga ini, hupunguza kinga, na hufungua ule mlango tulioutaja. Kupika hakuiondoi, kukausha upya hakuiondoi, na kuchanganya na pumba nzuri ni kueneza sumu tu.

Kadhalika soya mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo lisimeng'enye nyama ya chakula. Lazima ipikwe au ikaangwe vizuri kabla ya kusagwa. Ndugu zangu, hakuna unga wa dukani utakaotengeneza utumbo ambao kila siku twaubomoa kwa chakula kibovu.

USITIE DAWA ZA KUUA VIJIDUDU

Sasa nalirudia lile neno la sahani ya mtoto. Wako wakulima ambao, wakiona samaki wanakufa, huchukua dawa ya kuku au ya ng'ombe ya kuua vijidudu, yaani antibiotiki, wakaichanganya na chakula. Wengine huitia kila siku ili samaki wakue upesi. Jambo hili ni baya kwa sababu nne.

Kwanza, dawa haichagui. Huua vijidudu wabaya na wema pamoja, na nyumba ikibaki tupu, anayeingia kwanza huenda akawa mwizi. Pili, wale wabaya wachache wanaosalia huzaa kizazi kisichosikia dawa, na siku mtu akiugua, dawa ile ile haimsaidii. Tatu, mabaki hubaki katika nyama ya samaki. Nne, dawa hizo hazifanyi kitu juu ya magonjwa ya virusi, na mwaka 2018 watafiti walitoa habari za virusi vya ngege katika Ziwa Victoria upande wa Tanzania na Uganda.

Nchi za Umoja wa Ulaya zilikataza kabisa kutumia dawa hizi kwa kukuzia mifugo tangu mwaka 2006. Norwe, nchi ya wafugaji wakubwa wa samaki, ilitumia karibu tani 50 za dawa hizi mwaka 1987. Walipopata chanjo nzuri na kutengeneza usafi wa mashamba yao, matumizi yalianguka hata yakawa chini ya sehemu moja ya kumi, ingawa samaki wao waliongezeka sana. Wao waliacha dawa kwa kuondoa sababu ya ugonjwa. Sisi nasi twaweza. Samaki akihitaji dawa kweli, atakayeamua ni daktari wa mifugo, naye ataeleza siku za kungoja kabla ya kuuza.

JIPIMIE MWENYEWE

Huenda ukasema, "Basi, karani, je, ninunue unga au nisinunue?" Nakujibu: kwanza tengeneza maji, chakula na idadi ya samaki. Mambo haya matatu yakiwa sawa, unga mzuri waweza kuongeza faida. Lakini usiamini muuzaji, wala usiniamini mimi. Fanya mtihani.

Tengeneza vizimba vinne vya wavu vilivyo sawa, uviweke ndani ya kidimbwi kimoja. Tia samaki 50 katika kila kimoja, wote wa umri mmoja na ukubwa mmoja, uwapime kwa mizani. Vizimba viwili vipate chakula cha kawaida, na viwili vipate chakula kile kile pamoja na unga. Andika kila siku chakula ulichotoa na samaki waliokufa. Baada ya siku 60 wapime tena. Vizimba viwili vya unga vyote vikivishinda vile vingine, hiyo ni dalili njema. Kikishinda kimoja tu, huenda ni bahati.

Kisha fanya hesabu. Tuseme kilo ya chakula ni shilingi 120, na unga waongeza shilingi 12. Tuseme tena wahitaji kilo 1.5 za chakula kupata kilo 1 ya samaki. Bila unga, gharama ni shilingi 180. Ukitumia unga na chakula kisipungue, gharama ni shilingi 198. Ili usipate hasara, chakula lazima kipungue hadi kilo 1.36, au vifo vipungue vya kutosha kufidia tofauti hiyo. Isipokuwa hivyo, unga huo wamnenepesha muuzaji, si samaki.

MASHAURI KWA UFUPI

1. Alfajiri tembelea kidimbwi. Samaki wakihema juu ya maji, acha kulisha na kutia mbolea, na ingiza maji safi. Usifungulie maji ya mfereji wakati jirani anapiga dawa shambani.

2. Lisha kwa mizani. Samaki 900 wa gramu 100 ni kilo 90. Asilimia 3 ya hizo ni kilo 2.7 kwa siku, zigawanywe mara mbili. Wakiacha kula, nawe acha kutupa.

3. Weka chakula juu ya mbao, mbali na ukuta, mahali pakavu. Chenye ukungu kizike, usiwape kuku.

4. Ukinunua unga, soma ni vijidudu gani, tarehe ya mwisho, na namna ya kuuhifadhi. Usionyeshe jinsi ya kutumia, usinunue.

5. Vijidudu hai visiguswe na maji ya moto. Changanya na mafuta kidogo ya kupikia, nyunyizia chakula kilichopoa, kaushe kivulini, na ulishe siku hiyo hiyo.

6. Samaki mgonjwa mtoe, na aliyekufa mzike kwa chokaa. Usimpeleke sokoni.

Shemeji alifanya hivyo. Alipunguza maji ya chini, akaingiza mapya, akazika magunia sita ya pumba, akaacha kulisha siku mbili. Siku ya nne vifo vilikoma. Wakati wa kuvua alipata samaki 540. Karo ililipwa nusu kwa samaki hao. Nusu nyingine nililipa mimi, na naona ndivyo ilivyostahili.

Kopo lile bado liko juu ya kabati langu ofisini. Mkulima akija kuniuliza habari za dawa ya samaki, kabla ya kumjibu hulitazama, kisha humwuliza: "Ndugu, maji yako yakoje alfajiri?"